Sakafu za Lamineti Katika Nyumba za Ghorofa: Namna ya Kumpunguzia Jirani Kelele

Wakaazi wa nyumba za ghorofa, wakiwemo watumishi wa Serikali waliopanga au wanaomiliki fleti, wanaelezwa katika ukurasa huu namna ya kutandika sakafu za lamineti bila ya kumtia adha anayeishi ghorofa ya chini. Maelezo haya yanaelekezwa zaidi katika eneo la Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa huko ndiko wananchi wengi wa visiwani wanakokwenda kununua vifaa vya ujenzi, ambavyo baadaye huvushwa hadi bandari za Malindi na Mkoani. Ya pili ni kuwa wapo watu wa Unguja na Pemba, wafanyabiashara khasa, ambao makaazi yao yako huko huko, juu ya maduka.

Kariakoo, ambayo ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza wakati wa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa kwa miaka mingi mtaa wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma. Katika nyumba ya namna hiyo jirani yuko ubavuni, na chini ya sakafu pana udongo tu. Mtu aliweza kuburura kitanda usiku wa manane na asiyependezwa akawa mwenye nyumba peke yake. Nyumba nyingi za aina hiyo zimekwisha kubomolewa na mahali pake pamesimama majengo ya ghorofa, maduka na maghala chini, familia juu. Jirani sasa amehamia chini ya miguu, na adabu ya ujirani haina budi kuhamia huko pia. Wakaazi wa majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, wanaijua hali hii tangu miaka ya 1970 na hawahitaji kuelezwa.

Lamineti ni nini

Lamineti si mbao za mti mmoja, ingawa muuzaji anaweza kusema hivyo. Ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikashindiliwa kwa joto na nguvu nyingi hadi zikawa kibao kigumu. Juu yake hubandikwa karatasi iliyopigwa chapa ya mishipa ya mti, na juu ya karatasi hutiwa utandu mgumu wa uwazi unaozuia mikwaruzo. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyobuni sakafu hii mwaka 1977. Mwanzoni vibao viliunganishwa kwa gundi. Katika miaka ya 1990 ndipo ulipoenea mtindo wa vibao vinavyoumana vyenyewe kwa ulimi na mfereji, na kazi ikawa nyepesi kiasi cha kufanywa na fundi mmoja kwa siku moja.

Vibao vingi vina unene wa milimita 7 hadi 12. Sifa yake kubwa, ambayo pia ndiyo aibu yake, ni kuwa havipigiliwi misumari wala havigandishwi juu ya zege. Vinaelea. Sakafu nzima ya chumba ni jamvi moja gumu lililolazwa juu ya kitandiko chembamba, na pale kitandiko kinapokuwa kibovu, au zege lilipobonyea, panabaki uwazi chini ya kibao. Kitu kigumu na chepesi kilichotandazwa juu ya uwazi ni ngoma, na ngoma haihitaji kufafanuliwa kwa watu wa pwani.

Kelele tatu, si moja

Mafundi wengi huzungumza habari ya kelele kana kwamba ni jambo moja, na kutokana na kosa hilo mteja huuziwa kitu asichokihitaji. Iko kelele ya ndani ya chumba chenyewe, ule mlio mkali wa kiatu unaosikiwa na yule yule anayetembea. Iko kelele ya kishindo, inayopita katika zege na kumfikia wa chini: kisigino, kiti kinachoburutwa, kijiko kilichoanguka. Na iko kelele ya hewani, yaani maneno, redio na televisheni. Kelele hii ya tatu haizuiliwi na kitandiko hata kidogo. Kinachoizuia ni uzito na unene wa zege na ukuta, pamoja na kuziba nyufa zilizoachwa mabomba yalipopitishwa. Anayeambiwa dukani kuwa sponji ya milimita 3 itazuia sauti ya televisheni ya jirani, na aweke fedha yake mfukoni.

Kishindo ndicho kinachozungumzwa hapa. Wataalamu hukipima kwa mashine yenye nyundo tano, kila moja ya gramu 500, zinazoanguka kutoka kimo cha milimita 40 na kugonga sakafu mara 10 kwa sekunde; sauti husikilizwa na kupimwa katika chumba cha chini. Kitandiko kizuri cha lamineti juu ya zege hupunguza kishindo hicho kwa takriban desibeli 14 hadi 20. Ili msomaji apate kipimo cha masikio yake, punguzo la desibeli 10 husikika kama sauti iliyopungua nusu.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi madukani. Punguzo hilo linapimwa dhidi ya zege tupu. Marumaru na terazo, ambazo ndizo sakafu za fleti nyingi za Kariakoo, katika suala la kishindo hazina tofauti kubwa na zege tupu. Basi anayetandika lamineti juu ya marumaru, na kitandiko kikawa kizuri, amemfanyia hisani jirani yake wa chini. Lakini aliyekuwa na zulia zito, akaling'oa na kutandika lamineti, amemwongezea jirani adha, hata kama amenunua kitandiko cha bei ya juu kuliko vyote, kwa kuwa zulia hunyonya kishindo kuliko lamineti yoyote. Ugomvi wa ghorofa mara nyingi huanzia hapa: wa juu anaona ameipendezesha nyumba yake na kutumia fedha nyingi, wa chini anaona amefanyiwa ubaya kwa makusudi, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote ni vyema mwenye fleti ateremke ngazi, abishe hodi, na aombe kukaa katika chumba kilicho chini ya chake kwa muda wa dakika chache wakati mwanawe au mkewe anatembea juu kwa viatu na kusogeza kiti. Atakachosikia kitamweleza zaidi ya karatasi yoyote ya kiwandani. Anayegharimia sakafu si yeye anayeisikia, na hiyo ndiyo sababu kazi nyingi huharibika bila ya mtu kukusudia.

Kitandiko

Katika maduka hupatikana vitandiko vya namna nyingi, kuanzia sponji nyeupe nyembamba inayokunjwa kama karatasi hadi shiti za mpira mzito na za magome ya mti wa koki. Sponji nyepesi ndiyo rahisi kwa bei, na ndiyo inayokufa mapema. Chini ya kabati na kitanda hubanwa ikawa karatasi, na baada ya hapo kibao hugonga zege moja kwa moja. Ipo njia ya kuijaribu bila ya chombo: mnunuzi aibane kwa kidole gumba kwa nguvu na kuhesabu hadi kumi. Ikibaki na shimo, aiache.

Wapo wanaodhani kuwa kitandiko kikiwa kinene zaidi kelele hupungua zaidi, na wengine hutandika sponji mbili, moja juu ya nyingine. Hilo ni kosa kubwa. Kibao kikilazwa juu ya kitu kinachobonyea hupinda kila kinapokanyagwa. Ulimi wake huchakaa, kiungo huachia, na sakafu huanza kulia kama kitanda cha kamba. Milimita 2 hadi 3 zinatosha. Uzito na uimara wa kitandiko ndio wenye manufaa, wala si unene. Pia kama kibao kimeshabandikwa kitandiko chake kwa chini huko kiwandani, kisitandikiwe kingine.

Kuhusu mabadala ya kienyeji: maboksi yaliyofunuliwa, magunia na magazeti yasitumiwe, kwani hunyonya unyevu na kukaribisha wadudu. Mikeka ya usumba wa nazi, ambayo visiwa vyetu vinao utajiri wake, ni mizuri sana juu ya sakafu lakini si chini ya lamineti, kwa kuwa haina usawa unaohitajika.

Usawa wa zege, na kingo

Kitandiko hakitengenezi sakafu mbovu. Fundi achukue ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2, auzungushe chumba kizima, na aangalie mwanga unaopita chini yake. Penye uwazi unaozidi milimita 3 pasawazishwe, palipoinuka pasuguliwe. Kisha pafagiwe, pafagiwe tena, na papitishwe kitambaa. Punje moja ya mchanga wa saruji iliyobaki chini ya kitandiko itasikika kwa miaka, ikisaga kila mguu unapopita, na hakuna dawa yake isipokuwa kufumua.

Ikiwa sakafu iliyopo ni marumaru, na imeshikamana vyema, hakuna haja ya kuibomoa. Fundi aigonge kipande kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Chenye mlio wa utupu ndicho cha kutengenezwa, vilivyobaki viachwe na lamineti ilazwe juu yake. Shauri hili lina faida mbili. Ya kwanza ni kuwaepushia majirani siku tatu au nne za nyundo na patasi, ambazo ndizo kelele kubwa kuliko zote katika kazi hii. Ya pili ni uzito. Kibao cha milimita 8 pamoja na kitandiko chake hakifikii kilo 10 kwa mita moja ya mraba, ilhali plasta ya saruji yenye unene wa sentimita 5 ina uzito wa kilo 100 au zaidi kwa eneo hilo hilo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Haimpasi mkaazi yeyote kuongeza tabaka la saruji, wala kuchimba zege la ghorofa, kwa shauri la fundi peke yake bila ya mhandisi kuliangalia jengo.

Kingo ndizo zinazosahauliwa. Kati ya sakafu na ukuta lazima ubakie uwazi wa milimita 8 hadi 10, pande zote, na pia kuzunguka mabomba na miimo ya milango. Mafundi wa Gerezani wanaujua uwazi huu kama nafasi ya kibao kutanuka, na ni kweli, lakini una kazi ya pili. Kibao kinachogusa ukuta hupeleka kishindo ukutani, na ukuta hukiteremsha hadi ghorofa mbili chini. Kugusa mahali pamoja tu panapolingana na kidole kunatosha kuharibu faida ya kitandiko chote. Kwa sababu hiyo kabari zinazowekwa wakati wa kazi ziondolewe zote mwisho wa kazi, uwazi usijazwe saruji wala plasta, na sketingi ipigiliwe ukutani, si sakafuni, huku ikiachwa juu ya kibao kwa unene wa karatasi mbili tatu au kwa utepe mwembamba wa sponji. Mlangoni pawekwe kiungio cha kutenganisha vyumba, ili mtikisiko wa sebuleni usiendelee hadi chumba cha kulala.

Unyevu nao ni chanzo cha kelele, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hewa ya pwani ni ya maji, na wakati wa masika kibao hunywa unyevu na kutanuka. Kisipopata pa kutanukia hunyanyuka katikati ya chumba, na pale kinaponyanyuka ndipo ngoma inapoanzia. Maboksi ya vibao yaachwe chumbani yakiwa yamelazwa, hayajafunguliwa, kwa saa 48 kabla ya kutandikwa ili yazoee hewa ya hapo. Zege jipya lisitandikwe mpaka likauke sawasawa. Chini ya kitandiko, juu ya zege, pawekwe karatasi ya plastiki yenye unene wa milimita 0.2, pande zake zikipandana. Jikoni na msalani lamineti haifai.

Siku ya kazi yenyewe

Kukata vibao kwa msumeno wa umeme ndani ya fleti kunaleta kelele na vumbi kwa jengo zima. Kazi hiyo ifanywe uani au mahali palipo wazi chini, na vipande vipandishwe vikiwa tayari. Vipande vichache vinaweza kukatwa kwa msumeno wa mkono wenye meno madogo, ambao ukitumiwa kwa utulivu hausikiki mlango wa pili. Vibao vinapoungwa, fundi asigonge ubavu wa kibao kwa nyundo ya chuma. Atumie nyundo ya mpira na kipande cha ubao katikati. Mtindo wa vibao vinavyoinamishwa na kuumana hauhitaji kugongwa hata kidogo, na wenye fleti za ghorofa wanashauriwa kuuchagua huo.

Saa ni jambo la kuafikiana. Katika jengo lenye maduka chini, asubuhi na mchana wa siku za kazi mitaa ya Gerezani ina makelele yake yenyewe na nyundo haisikiki sana; usiku sauti ndogo hupanda. Adhuhuri ya Ijumaa iachwe, na pia siku za mitihani ya skuli ikiwa katika jengo wamo watoto wanaosoma. Walinzi, wauguzi na madereva wa zamu hulala mchana, nao ni wakaazi kama wengine. Tangazo la mistari miwili likibandikwa penye ngazi siku tatu kabla, likitaja siku, saa na mlango wenye kazi, linaepusha mengi.

Mpangaji asianze kazi bila ya kibali cha maandishi cha mwenye nyumba. Anayemiliki fleti yake afahamu kuwa umiliki huo una mipaka: Tanzania Bara ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, na Zanzibar ipo Sheria ya Kondominium Nam. 10 ya mwaka 2010, na zote mbili zinatambua kuwa jengo moja lina wenyewe wengi na sehemu za pamoja. Kelele za kupita kiasi kwa upande wa Bara zimewekewa kanuni mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini malalamiko ya sakafu mara nyingi yanaweza kumalizwa na uongozi wa jengo, mjumbe au Serikali ya mtaa, na huku visiwani kwa Sheha, kabla ya kufika mbali.

Kisichotibika kwa sakafu

Kitandiko kina nguvu zaidi kwa sauti kali na nyembamba kuliko kwa mtikisiko mzito. Ndiyo sababu kisigino cha kiatu huzimika, lakini mtoto anayeruka kutoka kitandani, au mchi unaotwanga ndani ya kinu, husikika chini karibu kama zamani. Hakuna lamineti duniani itakayomeza kinu. Mwenye haja ya kutwanga akiweke juu ya gunia lililokunjwa mara nne, au juu ya kipande cha mpira wa gari, pembeni karibu na nguzo, ambako zege halichezi, wala si katikati ya chumba. Mbuzi ya kukunia nazi nayo itandikiwe mkeka, maana miguu yake inakwaruza utandu wa lamineti, na mkwaruzo huo hausuguliki ukatoka.

Viti na meza vivalishwe vipande vya mpira au vya sufi chini ya miguu, na vibadilishwe vinapochakaa. Busati au mkeka mzito katika njia ya kutoka sebuleni hadi jikoni, ambako miguu hupita zaidi, hupunguza zile kelele mbili kwa pamoja, ya ndani na ya chini. Viatu viachwe mlangoni kama ilivyo desturi.

Kazi inapokwisha, fundi asilipwe fungu la mwisho mpaka sakafu itembewe chumba kizima bila ya viatu, na mtu mwingine awe chini akisikiliza. Mahali panapobonyea au kulia pafumuliwe siku hiyo hiyo, kabla ya sketingi kupigiliwa na samani kurudishwa. Milango iliyokuwa ikifunguka vyema huenda ikahitaji kupigwa randa kwa chini, kwa kuwa sakafu imepanda kwa zaidi ya sentimita moja. Vibao vitatu au vine na kipande cha kitandiko viwekwe akiba, vikilazwa mahali pakavu, kwani rangi hiyo hiyo inaweza isipatikane tena Gerezani mwaka unaofuata.